Sahihi ya Mtungo: Wanawake katika Ushairi wa Bhakti, Kutoka Bara Hindi hadi Ufuo wa Kisumu

Utangulizi

Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Pamoja na reli walikuja watu wa Bara Hindi: mafundi, makarani, wachuuzi, na baadaye wakulima waliofyeka mashamba huko Kibos. Walijenga maduka, shule, gurdwara za Masingasinga na mahekalu ya Kihindu, na vizazi vyao vingali vinaabudu humo. Mnamo Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa fasihi tunaoishi nao katika mji mmoja tumeyajua maduka yao kuliko tulivyozijua nyimbo zao.

Miongoni mwa nyimbo hizo ni bhajani, yaani nyimbo za ibada zinazoimbwa hekaluni na majumbani, aghalabu na wanawake waliokaa kitako pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kwa makofi na matoazi. Katika jamii za Kigujarati, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, jina moja la mtunzi hujirudia mwishoni mwa nyimbo nyingi kama hizo: Mira. Huyu ni Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan aliyeishi katika karne ya 16. Kwa nini mwanamke aliyefariki takriban karne tano zilizopita angali anatajwa na wanawake wa mbali kiasi hiki? Na je, kutajwa huko kwa jina ni ushahidi kwamba dini yake ilimpa mwanamke hadhi sawa na mwanamume?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia kipengele ambacho mwanafunzi yeyote wa ushairi wa Kiswahili anakifahamu, nacho ni desturi ya mtunzi kujitaja mwishoni mwa utungo wake. Tutakiita kipengele hiki sahihi ya mtungo. Hoja yetu ni kwamba harakati ya kidini ijulikanayo kama bhakti iliwapa wanawake wa Zama za Kati kinywa, bali haikuwapa kiti. Sahihi zao zinatuonyesha yote mawili: uhuru walioupata na bei waliyoulipia.

Bhakti ni Nini?

Neno bhakti ni la Kisanskriti, na maana yake ni mapenzi na utiifu wa mja kwa Mungu wake. Kama harakati, bhakti ilianza kusini mwa Bara Hindi, katika nchi ya Watamili, kuanzia karne ya 6 hivi. Kutoka hapo ilienea Karnataka na Maharashtra, kisha Gujarat, Rajasthan, Bengal na nyanda za kaskazini, hadi ikafikia kilele chake katika karne za 15 na 16. Haikuwa dhehebu moja lenye kiongozi mmoja. Ilikuwa mikondo mingi, mingine ikimwelekea Shiva, mingine Vishnu na hasa Krishna ambaye ni umbo lake mojawapo, na mingine ikimwabudu Mungu asiye na umbo lolote.

Ili tuelewe uzito wa harakati hii kwa wanawake, yafaa tukumbuke ilizuka katika mazingira gani. Vitabu vya kale vya sheria, mashuhuri miongoni mwavyo kikiwa kile cha Manu, viliagiza kwamba mwanamke awe chini ya baba yake utotoni, chini ya mumewe ujanani, na chini ya wanawe baada ya kufiwa na mume. Vitabu hivyo pia vilimzuia, sawa na watu wa tabaka la chini, kujifunza maandiko ya Veda. Maandiko hayo yalikuwa katika Kisanskriti, lugha ya makuhani wanaume wa tabaka la Brahmani. Kwa hiyo mwanamke alifungiwa milango miwili kwa pamoja: mlango wa ibada na mlango wa lugha.

Bhakti iliifungua milango hiyo kwa ufunguo mmoja. Ilishikilia kwamba Mungu hutazama mapenzi, hatazami nasaba wala elimu ya kafara. Maadamu mapenzi hayahitaji kuhani wa kuyapeleka, kila mtu anaweza kumwendea Mungu moja kwa moja. Na maadamu mpenzi husema kwa lugha ya nyumbani kwake, tungo za bhakti zilitungwa kwa Kitamili, Kikannada, Kimarathi, Kigujarati na lugha nyinginezo za watu. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa kuitamka Veda aliweza kutunga wimbo kwa lugha aliyoongea na watoto wake. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili hawatashangazwa na jambo hili. Pwani yetu nayo iliona elimu ya dini ikiteremka kutoka Kiarabu na kuingia katika tenzi za Kiswahili, na kwa njia hiyo sauti za wanawake zikasikika.

Sahihi Kama Dirisha

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi maarufu. Kabla ya kuuhitimisha alijitaja mwenyewe na kuweka mwaka wa Hijria, 1275. Kwa desturi hiyo tunajua kwa hakika ni nani aliyenena, alimnenea nani na lini. Watunzi wa bhakti pia walikuwa na desturi ya kuweka jina katika mstari wa mwisho. Tofauti ni kwamba jina hilo halikuwa lazima liwe la mtunzi peke yake. Mara nyingi lilieleza uhusiano: mtunzi ni nani mbele ya Mungu, na ni wa nani hapa duniani. Tukizisoma sahihi tano za wanawake watano kwa mfuatano wa wakati, tunaona hadhi ya mwanamke ikijieleza yenyewe.

Wa kwanza ni Karaikkal Ammaiyar, Mtamili wa karne ya 6 hivi, mcha Shiva. Masimulizi yaliyoandikwa na Sekkizhar katika karne ya 12 yanaeleza kwamba alikuwa mke wa mfanyabiashara, jina lake Punitavati. Siku moja mumewe alimletea maembe mawili. Mke akampa mchaji mmoja mwenye njaa embe moja. Mume alipokula lile lililobaki na kutaka la pili, mke alisali, na embe likatokea mkononi mwake. Mume alipotambua kwamba anaishi na mwanamke mwenye nguvu za Mungu, aliingiwa na hofu, akahamia mji mwingine na kuoa tena. Hapo Punitavati akamwomba Shiva amwondolee uzuri wa mwili, kwani uzuri ule ulikuwa wa mumewe na mume hayupo tena. Akawa mifupa na ngozi, mfano wa zimwi linalokaa makaburini na kumwimbia Shiva anapocheza ngoma. Katika tungo zake anajiita hivyohivyo: zimwi la Karaikkal. Sahihi yake ni ya mtu aliyejivua uanawake ili aachwe aabudu kwa amani.

Wa pili ni Andal wa Srivilliputhur, karne ya 8 au ya 9, mwanamke pekee miongoni mwa watunzi 12 watakatifu wa Vishnu waitwao Alvar. Masimulizi yanasema kuhani mmoja alimkuta akiwa mtoto mchanga chini ya mrehani mtakatifu, akamlea. Binti huyo alikuwa akiyavaa mashada ya maua kabla hayajapelekwa kwa Mungu, na Mungu akayapenda zaidi kwa kuwa yeye ameyavaa. Alikataa kuolewa na binadamu. Tungo zake mbili, Tiruppavai yenye beti 30 na Nachiyar Tirumoli yenye beti 143, zimejaa shauku ya mchumba, na hiyo ya kwanza husomwa hadi leo katika mahekalu ya Kitamili kila mwezi unaoanza katikati ya Desemba. Sahihi ya Andal ni Kotai, jina alilopewa na baba, naye hulifuatisha na jina la baba huyo. Anazungumza na Mungu kama mchumba, lakini anatia sahihi kama binti wa kuhani.

Wa tatu ni Akka Mahadevi wa Karnataka, karne ya 12. Yeye alikuwa katika kundi la Basava, lililokataa matabaka na kufungua baraza lake kwa watu wa kazi zote. Watunzi wanawake wa kundi hilo wanaojulikana wanazidi 30, miongoni mwao msokota nyuzi, mwokota punje za mchele na hata mwanamke aliyewahi kuishi kwa ukahaba. Inasimuliwa kwamba Akka alimwacha mume mwenye mamlaka, akaziacha na nguo, akajisitiri kwa nywele zake ndefu tu. Alipofika barazani, Allama Prabhu, mwenyekiti wa baraza, alimhoji mbele ya watu: mumewe ni nani, na kama ameushinda mwili, kwa nini anausitiri kwa nywele? Akka alijibu hadi wakaridhika. Tusisahau, hata hivyo, kwamba wanaume walioingia barazani hawakuulizwa habari za nywele zao. Katika tungo zake Akka hajitaji kabisa. Kila utungo unafungwa kwa jina la Shiva wake, Chennamallikarjuna. Amejifuta ili abaki Mpenzi peke yake, na kwa kujifuta huko hakuna baba wala mume anayeweza kumdai.

Wa nne ni Janabai wa Maharashtra, aliyefariki katikati ya karne ya 14. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtunzi Namdev, na hakuwa na mali, mume wala mtoto. Nyimbo zake zinatoka kwenye jiwe la kusagia, fagio na ndoo ya maji. Ndani yake Mungu Vitthal wa Pandharpur anateremka jikoni, anashika mkono wa jiwe na kusaga nafaka pamoja naye, anafagia na kuokota samadi ya ng'ombe. Mtu yeyote aliyewahi kumsikia mama akiimba juu ya jiwe la kusagia atatambua kwamba huu ni wimbo wa kazi uliogeuka kuwa sala. Sahihi yake ni ya kusikitisha na ya kujivunia kwa wakati mmoja: Jani, mjakazi wa Nama. Mbele ya Mungu ni mwenzi wa kazi, ilhali mbele ya watu ni mjakazi mwenye bwana.

Wa tano ni Mirabai, tuliyeanza naye. Alizaliwa katika ukoo wa Merta mwishoni mwa karne ya 15 na kuozwa katika ukoo wa kifalme wa Mewar. Tangu utoto alijihesabu kuwa mke wa Krishna, na kwa hiyo hakuweza kuwa mke mtiifu wa mtu mwingine. Masimulizi yanasema wakwe walimpelekea sumu, akainywa na haikumdhuru. Alitoka katika jumba la kifalme, akachanganyika na watawa wa kila tabaka, na hatimaye akafika Dwarka, pwani ya rasi ya Kathiawar huko Gujarat. Yafaa tutaje kwamba ni katika rasi hiyohiyo na jimbo jirani la Kutch walikotoka wengi wa Wagujarati waliovuka bahari kuja Afrika Mashariki. Sahihi ya Mira hulitaja jina lake na papo hapo kumtaja Krishna, mwenye kuuinua mlima, kuwa bwana wake. Humo hamna baba wala mume wa duniani. Tukilinganisha na Andal na Janabai, hii ni hatua kubwa.

Nafsineni ya Kike, Mtunzi wa Kiume

Hapa msomaji makini anaweza kuuliza: je, watunzi wanaume wa bhakti hawakuimba pia kwa sauti ya mwanamke? Naam, waliimba. Nammalvar wa nchi ya Watamili alitunga beti nyingi ambamo nafsineni ni msichana aliyeachwa na mpenziwe, na mpenzi huyo ni Vishnu. Surdas, mtunzi wa kaskazini katika karne ya 16, aliwapa sauti wachungaji wa kike wanaomlilia Krishna. Katika fikra ya bhakti, kila roho ni ya kike mbele ya Mungu.

Lakini tusiyachanganye mambo mawili. Mwanamume anapovaa nafsineni ya kike, anashuka kwa hiari kutoka kwenye cheo alicho nacho, na unyenyekevu huo unahesabiwa kuwa fadhila. Akimaliza kuimba, anarudi kwenye cheo chake. Mwanamke anapoimba kwa sauti hiyohiyo hana mahali pa kushukia. Kwake kungoja, kutii na kuachwa si tamathali. Ni maisha aliyoyaona. Kwa sababu hiyo tungo za wanawake mara nyingi hazinyenyekei kama tungo za wanaume. Zinadai, zinalalamika, zinamgombeza Mungu kama mwenzi wa nyumbani.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Mira kinacholiweka jambo hili wazi. Alipofika Vrindavan alitaka kuonana na mwanachuoni Jiva Goswami, akaambiwa kwamba bwana huyo ameapa kutomtazama mwanamke. Mira akajibu kwamba alidhani katika Vrindavan mwanamume ni Krishna peke yake. Jiva akatoka kumlaki. Kisa hiki, kiwe kilitukia au la, kinaichukua kanuni ya wanaume wenyewe na kuwarudishia: ikiwa kila roho ni ya kike mbele ya Mungu, basi anayejificha kwa uanaume wake hajaielewa dini yake.

Heshima Pasipo Cheo

Kufikia hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba bhakti ilileta usawa. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Tukiangalia taasisi zilizojengwa juu ya harakati hii, picha inabadilika. Watakatifu wa Shiva katika nchi ya Watamili ni 63, na wanawake ni watatu tu. Wa Vishnu ni 12, na mwanamke ni mmoja. Ukuhani wa mahekalu, uongozi wa shule za mafundisho na uandishi wa masimulizi ya watakatifu vilibaki mikononi mwa wanaume.

Aidha, angalia masimulizi yanavyowamaliza wanawake hawa. Andal anaingia katika sanamu ya Mungu huko Srirangam na kutoweka. Mira anaingia katika sanamu ya Krishna huko Dwarka na kutoweka. Karaikkal Ammaiyar anapoteza mwili wa kike. Ni nadra kuambiwa kwamba mwanamke mtakatifu alizeeka, akafundisha wanafunzi, akaacha mrithi wa kiti chake. Bahinabai wa Maharashtra, wa karne ya 17, ni mmoja wa wachache walioishi na mume huku wakitunga, naye alieleza katika maisha yake jinsi mume huyo alivyompiga kwa sababu ya ibada yake. Jamii iliweza kumtukuza mwanamke aliyetoka nyumbani asirudi, kuliko yule aliyebaki nyumbani akataka kusikilizwa.

Ushahidi mwingine unatoka katika dini jirani. Kitabu kitakatifu cha Masingasinga, ambacho husomwa katika gurdwara za Kisumu kama kwingineko, kinafundisha waziwazi heshima ya mwanamke, na kimekusanya tungo za wachaji wengi wasio Masingasinga, wakiwemo Kabir, Namdev na Ravidas. Hamna mtunzi hata mmoja wa kike. Wataalamu waliouchunguza mswada mkongwe wa Kartarpur wa mwaka 1604 wanaeleza kwamba ulikuwa na utungo mmoja wenye jina la Mira, nao umepigwa mstari wa kufuta. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika baraza la wahariri, Mira hakuwepo.

Tujitazame katika Ufuo Wetu

Itakuwa rahisi mno kuisoma habari hii kama habari ya Wahindi peke yao. Ufuo wa Ziwa Viktoria una historia yake inayofanana nayo, ingawa dini ni nyingine na teolojia ni nyingine.

Chukua harakati ya Roho miongoni mwa Waluo. Kiongozi wake Alfayo Odongo Mango aliuawa huko Musanda mnamo Januari 1934 pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Waliosalia walilipeleka neno lake vijijini. Mtafiti Cynthia Hoehler-Fatton, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya wanawake wa harakati hii, alionyesha jinsi wanawake walivyokuwa nguzo za miaka ya mwanzo, wakihubiri, wakiponya na kusafiri kama askari wa Roho. Baadaye harakati ilipogeuka kuwa makanisa yenye katiba na vyeo, nafasi za juu zilienda kwa wanaume.

Chukua pia Legio Maria. Mwaka 1963 Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wawili kwa siku moja, alianza kuhubiri dhidi ya uchawi na kubatiza watu. Yeye na Simeo Ondeto waliwavuta maelfu ya watu kutoka Kanisa Katoliki katika Nyanza. Waumini wa kanisa hilo wanamtukuza mno mwanamke mmoja mweusi waliyeamini kuwa ndiye Bikira Maria mwenyewe. Hata hivyo, upadri wa Legio Maria ni wa wanaume, na Aoko aliachana na Ondeto miaka michache baada ya kuanza. Mwanamke ameinuliwa hadi mbinguni, lakini altare imebaki na wenyewe.

Ulinganisho huu unatufundisha jambo moja kuhusu namna harakati za dini zinavyokua. Katika siku za moto, ambapo kinachotakiwa ni karama, sauti na ujasiri, hakuna anayeuliza mtu ni wa jinsia gani. Siku za kuandika katiba, kugawa viti na kutunza vitabu zinapofika, swali hilo huulizwa. Kwa hiyo tukitaka kujua hadhi ya mwanamke katika dini yoyote, haitoshi kuuliza kama aliimba. Sharti tuulize pia ni nani aliyeuandika wimbo wake, na ni nani aliyekaa mezani siku ya kuamua upi uhifadhiwe.

Wimbo ni wa Nani?

Tumalizie kwa suala linalotuhusu moja kwa moja kama wanafasihi. Nyimbo zinazobeba sahihi ya Mira ni nyingi mno, lakini zile zinazopatikana katika miswada ya kabla ya mwaka 1700 ni chache sana. Maana yake ni kwamba nyingi zilitungwa na watu wengine baada yake, wakazitia jina lake. Mhakiki anayetafuta mtunzi mmoja halisi atahuzunika. Atasema nyimbo hizi ni bandia.

Sisi tuliolelewa katika fasihi simulizi tunaweza kuona zaidi ya hapo. Wimbo wa harusi au wa kusagia hauna hakimiliki. Unakuwa wa kila anayeuimba mradi ameupokea kwa adabu na kuuongezea kwa haki. Kwa karne kadhaa, mwanamke wa Gujarat au Rajasthan aliyekuwa na jambo zito asiloweza kulisema mbele ya wakwe aliweza kuliimba kwa jina la Mira. Hakuna ambaye angemkemea, kwa kuwa si yeye aliyesema, ni Mira. Sahihi ya mwanamke mmoja imekuwa paa la wanawake wengi. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu la mwanzo. Kutajwa kwa Mira hakuthibitishi kwamba wanawake walipewa hadhi sawa. Kunathibitisha kwamba waliikosa, na kwamba walijua la kufanya.

Hata leo mambo hayajawa mamoja katika mahekalu yote. Katika mapokeo ya Swaminarayan, yaliyoanza Gujarat mwanzoni mwa karne ya 19 na yenye wafuasi wengi Kenya, Kisumu ikiwemo, wanaume na wanawake huketi mbalimbali wakati wa ibada, na watawa wa kiume hujitenga kabisa na wanawake. Wengine huona hapo ubaguzi. Wengine, wakiwemo wanawake wa mapokeo hayohayo, huona kwamba mtengano huo umewapa nafasi ya kuongoza ibada zao wenyewe. Mtafiti hana budi kuwasikiliza wenyewe kabla ya kuhukumu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba bhakti iliwapa wanawake wa Zama za Kati lugha, hadhira na ruhusa ya kunena na Mungu bila mpatanishi. Yameonyesha pia, kupitia sahihi tano, kwamba kila mmoja alilazimika kujieleza kwa namna fulani ili akubaliwe: kama zimwi, kama binti wa kuhani, kama asiye na jina, kama mjakazi, kama mke wa Mungu. Vyeo na vitabu vilibaki na wengine. Tumeona kwamba hali hiyo si ya Bara Hindi pekee, kwa maana imejirudia Nyanza katika karne ya 20.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kuna kazi mbili zinazotungoja. Ya kwanza ni kuzisoma tungo za wanawake wetu, kuanzia tenzi za Lamu na Pate hadi nyimbo za makanisa ya Roho na Legio Maria, kwa kuuliza si tu zinasema nini bali zimetiwa sahihi ya nani na zimehifadhiwa na nani. Ya pili ni kutoka madarasani. Walio Kisumu hawahitaji nauli ya kwenda Dwarka ili wakutane na Mira. Akina mama wanaoimba nyimbo zake ni majirani zao, wengi wao wanazungumza Kiswahili, na wanazeeka. Vivyo hivyo akina mama wa Kiluo wanaozikumbuka nyimbo za siku za mwanzo za makanisa yao. Mswada wa Kartarpur ulifutwa na mkono wa mtu. Nyimbo zisizoandikwa hufutwa na kifo tu, na kifo hakichagui hekalu wala kanisa. Tukienda kuzisikiliza na kuziandika, tuhakikishe tumeandika pia jina la aliyeimba, ikiwa mwenyewe ameridhia.